Chini Mombasa, juu Limuru: uzoefu wangu na mfumo wa kupasha nyumba joto wa zoni mbili

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama mama yangu hangelala na jaketi langu la theluji wiki nzima.

Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, kwenye Wakenya wengi kiasi kwamba ukipiga chafya dukani unaweza kuambiwa pole kwa lugha tatu. Nyumba ina orofa mbili na fanesi moja ya gesi, yaani tanuru la kupasha hewa, huko besimenti, chumba cha chini ya ardhi. Kutoka kwenye fanesi, mfereji wa bati unagawanyika njia mbili: mmoja unapeleka hewa moto sebuleni na jikoni, mwingine unapanda kwenye vyumba vya kulala. Ndani ya kila njia kuna dampa, yaani kibati kinachofungua na kuziba njia kwa kuzungushwa na mota ndogo ya volti 24. Kila orofa ina thamostati yake, kifaa cha ukutani kinachopima joto na kuliomba likipungua. Thamostati ikiomba joto, ombi linafika kwenye bodi ya zoni iliyofungwa ukutani kando ya fanesi, nayo bodi inafungua dampa ya upande ulioomba na kufunga ya upande mwingine.

Mfumo tuliukuta humu tuliponunua nyumba, na majira mawili ya baridi ya kwanza niliusifu kwa kila mgeni. Mchana tuko chini, usiku tuko juu, sasa kwa nini nichome gesi kupasha vitanda vitupu?

Januari iliyopita nje ilishuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri za Fahrenheit, karibu 26 chini ya sifuri za Selsiasi. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Machakos. Asubuhi akashuka amejifunga leso mbili, jaketi langu juu yake, akasimama jikoni akinitazama.

"Mwanangu, hii nyumba ni mgonjwa. Huku chini ni Mombasa, huko juu ni Limuru mwezi wa saba."

Thamostati ya chini ilisoma 72 za Fahrenheit (kama 22 za Selsiasi), ya juu ilisoma 59 (15 za Selsiasi). Nilifanya wanachofanya wengi: nikaipandisha ya juu hadi 78, kana kwamba ukiomba kwa sauti kubwa zaidi utasikika. Halafu nikaziba baadhi ya matundu ya chini ili hewa ilazimike kupanda. Usifanye hivyo. Feni ya fanesi inahitaji mahali pa kusukumia hewa, na ukizidi kuibana unaongeza shinikizo ndani ya mifereji. Kule juu hakuna kilichobadilika, ila matundu ya chini yaliyobaki wazi yalianza kupiga mluzi.

Nikaita kampuni. Jina silitaji. Fundi wao alikuja na kompyuta kibao, akabadilisha betri za thamostati ya juu, akatazama taa za bodi, akaona dampa ya juu inaonyesha imefunguka. Baada ya dakika 25 akaniandikia makadirio ya fanesi mpya: dola 9,400. Kwa kuja tu nililipa dola 129. Alikuwa na adabu, hilo nalikubali, ila mkono wake haukugusa bati hata mara moja.

Usiku huo, kwa hasira, nilishuka besimenti na kiti cha plastiki nikakaa mbele ya fanesi kama mtu anayevizia panya. Chini kulikuwa kumeshapata joto, kwa hiyo ni zoni ya juu peke yake iliyokuwa ikiomba. Moto ukawaka. Baada ya dakika tatu hivi ukazimika, feni ikaendelea kupuliza. Ukawaka tena, ukazimika tena. Kwenye kidirisha cha kifuniko kuna kitaa kinachopepesa. Nikahesabu, nikalinganisha na jedwali lililobandikwa nyuma ya kifuniko: swichi ya kikomo cha joto imekata. Maana yake joto linazalishwa lakini halipati pa kwenda, linarundikana ndani ya fanesi hadi swichi ya usalama inazima moto. Hiyo si fanesi iliyochoka. Ni fanesi inayopuliza ukutani.

Rafiki wa kanisani akanipa namba ya kijana wa Kitanzania anayefanya kazi hizi peke yake, mwenye leseni. Nikamweleza yote kwa simu.

"Kaka, huyo aliyekuja aliangalia dampa, au aliangalia taa?"

"Aliangalia taa. Na mota inazunguka, nimeiona mwenyewe."

"Mota kuzunguka ni jambo moja. Nakuja kesho."

Alipofika hakuenda kwenye bodi. Alipanda ngazi ndogo hadi kwenye dampa ya juu, akawasha tochi, akaniita nione. Mota imekaa nje ya mfereji na imeshika ncha ya kijiti kinachobeba kibati cha ndani. Kwenye ncha hiyo kuna mkwaruzo mfupi ulionyooka sawa na kibati, kwa hiyo ukiuona mkwaruzo umejua kibati kimelala vipi bila kufungua chochote. Akaniambia niiombe joto zoni ya juu. Mota ikazunguka robo duara, alama yake ikaja kwenye "wazi". Mkwaruzo haukusogea hata unywele. Skurubu inayoibana mota kwenye kijiti ilikuwa imelegea, mota inacheza peke yake, kibati kimebaki kimefunga. Usiku, dampa ya chini ikifungwa na bodi, njia zote mbili zilikuwa zimezibwa.

Akazungusha kijiti kwa plaisi hadi kikawa wazi, akakaza skurubu. Baada ya dakika kumi chumba cha mama kilikuwa na upepo wa moto unaosukuma pazia.

Sikutegemea kwamba angeendelea, lakini aliendelea. Alitoboa matundu mawili madogo, moja kila upande wa feni, akapima shinikizo: inchi 0.9 za maji, na kibandiko cha fanesi kinasema isizidi 0.5. Akavuta filta, akacheka. Ilikuwa MERV 13 (MERV ni kipimo cha uchujaji: namba ikiwa kubwa, filta inanasa vumbi dogo zaidi), ya unene wa inchi moja. Niliinunua mwaka 2023, moshi wa moto wa misitu ya Kanada ulipotufikia hapa, na tangu hapo nimekuwa nikinunua hiyohiyo bila kufikiri. Inachuja vizuri sana, ila kwa unene huo kwenye fanesi yangu ni kama kupumulia kwenye blanketi. Tukaweka MERV 8, tukafungua matundu niliyoyaziba, kipimo kikashuka hadi 0.6. Bado kiko juu kidogo. Anasema tiba yake ni kupanua mfereji wa hewa inayorudi, kazi ya kiangazi. Alinitoza dola 190.

Nyota mbili nilizokata ni za mfumo wenyewe. Bodi yangu inajua imetuma umeme kwenye mota, haijui kibati kimefanya nini. Taa ya kijani inawaka huku mtu anaganda. Ukiwa na mfumo kama huu, panda ngazi uangalie mkwaruzo kwenye kijiti kabla hujalipa mtu. Na kama chumba kimoja tu ndicho kinachosumbua huku vingine vya zoni hiyohiyo viko sawa, dampa ya zoni haihusiki. Tafuta tundu lililofunikwa na kabati, mfereji uliobonyea au kiungo kilichoachana.

Mama alirudi Machakos mwezi wa tatu. Jaketi alienda nalo.