Uzoefu wangu: ziara ya kuongozwa kuhusu maisha ya Ujerumani Mashariki, Berlin

Ziara hii huchukua siku nzima, kwa miguu na kwa treni za mjini, na hupita sehemu tatu za iliyokuwa Berlin Mashariki: barabara ya Karl-Marx-Allee, makumbusho ya Kulturbrauerei katika mtaa wa Prenzlauer Berg, na makao makuu ya zamani ya Wizara ya Usalama wa Taifa, yaani Stasi, huko Lichtenberg. Kampuni inayoiendesha ni ndogo na sitaitaja jina, kwa kuwa pamoja na sifa nyingi ninazoipa, ninalo pia lalamiko zito. Nimeamua kuandika kwa Kiswahili kwa sababu sisi Wazanzibari tunahusika na habari za Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambayo sasa haipo, kuliko watalii wengi wanaozipita sehemu hizo kwa haraka. Zanzibar ndiyo iliyokuwa ya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mwaka 1964, na wengi wetu tumelelewa katika majumba yaliyochorwa na wataalamu wake.

Aliyetuongoza ni mama wa makamo aliyekulia Halle na aliyeanza kazi kiwandani kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka. Alituambia tangu mwanzo kwamba hatatuamulia iwapo ukomunisti ulikuwa mwema au mbaya, bali atatueleza watu walivyopata nyumba, kazi, chakula na ruhusa ya kusafiri, kisha kila mmoja ahukumu mwenyewe. Ahadi hiyo aliitimiza, na kwangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya ziara nzima. Karl-Marx-Allee, ambayo hadi mwaka 1961 iliitwa Stalinallee, wengi huipiga picha kwa ajili ya majumba yake makubwa yaliyojengwa kama makasri ya wafanyakazi. Yeye alituelekeza kwanza kwa wajenzi waliogoma hapo tarehe 16 Juni 1953, walipoongezewa kiwango cha kazi bila kuongezewa ujira, na jinsi mgomo huo ulivyoenea nchini siku iliyofuata hadi vifaru vya Kisovieti vikauzima. Dola iliyojiita ya wafanyakazi ilikuwa na umri usiofika hata miaka 4 ilipokabiliana na wafanyakazi wake kwa nguvu hizo, na mtu akilifahamu hilo mapema, mengine yote anayoyaona baadaye huyatazama kwa jicho jingine.

Makumbusho ya Kulturbrauerei hayana kiingilio, na nawashauri wanaobana matumizi waende hata bila mwongozaji. Humo mna gari aina ya Trabant lenye hema juu ya paa, ambalo familia ingeweza kulala ndani yake wakati wa likizo. Ukilikaribia unauona mwili wake uliotengenezwa kwa plastiki ngumu badala ya bati, na unaelezwa kuwa injini yake ya mipigo miwili ilikuwa na nguvu za farasi 26 tu. Mtu aliweza kuandikisha jina lake na kulisubiri gari hilo zaidi ya miaka 10. Mbele ya gari hilo ndipo ubishi ulipozuka baina ya wageni wawili katika kundi letu, wote wawili waliozaliwa upande wa mashariki. Mzee mmoja wa Rostock alisema kwa hisia kwamba kodi ya nyumba ilikuwa sehemu ndogo sana ya mshahara, kwamba mkate mdogo wa asubuhi uliuzwa pfennig 5, yaani senti za huko, miaka nenda miaka rudi, kwamba mkewe aliweza kufanya kazi kwa kuwa watoto walikuwa na nafasi katika skuli za chekechea, na kwamba baada ya mwaka 1990 kiwanda chake kilifungwa na hakuna aliyemuuliza lolote. Bibi mmoja wa Leipzig akamjibu kwamba kakake alinyimwa nafasi ya chuo kikuu kwa sababu ya imani ya familia yao, na kwamba bei ya mkate haiwezi kumrudishia ujana wake.

Wote wawili walisema kweli, na mwongozaji hakujaribu kuwapatanisha. Alichofanya ni kutufafanulia kwamba katika miaka ya mwisho karibu wanawake 9 kati ya 10 wa umri wa kufanya kazi walikuwa kazini au masomoni, na kwamba baada ya Ujerumani mbili kuungana tarehe 3 Oktoba 1990 shirika la serikali lililokabidhiwa viwanda vya umma, Treuhandanstalt, liliuza au kufunga maelfu ya viwanda vilivyokuwa vimeajiri watu wapatao milioni 4. Asiyeijua sehemu hiyo ya pili atawaona wanaoikumbuka nchi ile kwa huzuni kuwa watu wasiojua walichonusurika, na huko ni kuwadhulumu.

Mimi nilisikiliza ubishi huo nikimfikiria mama yangu, ambaye tangu nikiwa mdogo ameishi katika nyumba za maendeleo za Michenzani, zile ndefu ambazo kila aliyefika Unguja amezipita. Nilipompigia simu jioni na kumweleza niliyoyaona, alinisikiliza kisha akasema: "Mwanangu, sisi tulikuwa tukikaa nyumba ya udongo Ng'ambo, tukapewa nyumba ya matofali yenye maji na umeme. Usije ukaniambia hilo halikuwa jambo." Nikamwambia sikusema hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha mwenyewe akaniongezea habari za foleni za chakula za wakati wa Mzee Karume, na jinsi watu walivyokuwa wakichunga maneno yao hata mbele ya jirani wa mlango wa pili. Katika sentensi chache alinipa pande zote mbili za ubishi wa Rostock na Leipzig, na wala hakuona kwamba upande mmoja unaufuta mwingine.

Ni Lichtenberg, katika jengo la Stasi, ndipo nilipoelewa kwa nini pande hizo haziwezi kupimwa kwenye mizani moja kama vitu viwili mbalimbali. Mwaka 1989 wizara hiyo ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wanaokaribia 190,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Ofisi ya waziri Erich Mielke imehifadhiwa kama ilivyokuwa, pamoja na karatasi ya katibu wake inayoonyesha kifungua kinywa cha mkubwa kipangwe vipi mezani, kila chombo na mahali pake. Kuna kamera iliyofichwa ndani ya chombo cha kumwagilia maua. Kuna pia mtungi wa kioo wenye kitambaa kilichofungiwa humo ili kihifadhi harufu ya mtu aliyeshukiwa, mbwa apewe ainuse siku atakapotakiwa kumtafuta. Nilisimama mbele ya mtungi huo kwa muda mrefu. Mtu aliitwa kuhojiwa, akakalishwa juu ya kiti chenye kitambaa bila kujua, akarudi nyumbani kwake akidhani ameacha maneno tu.

Kisha mwongozaji akatueleza habari za daftari la nyumba, ambalo kila jengo la makazi lilitakiwa kuwa nalo, na ambamo wakazi na wageni waliolala hapo kwa siku kadhaa waliandikwa majina. Hapo ndipo mambo yalipoungana. Dola iliyokugawia nyumba kwa kodi ndogo ndiyo iliyojua nani analala humo. Iliyokupa kazi ya uhakika ndiyo iliyoandika ripoti juu yako kazini. Iliyomsomesha mtoto wako bure ndiyo iliyoweza kumfungia mlango wa chuo. Kwa kuwa kila kitu kilitolewa na mkono mmoja, kila kitu kiliweza kuzuiwa na mkono huohuo, na hofu haikuhitaji jela kubwa ili ifanye kazi. Kwa maoni yangu, mtu anayezitaja faida peke yake, au mateso peke yake, anaukata mfumo mmoja vipande viwili. Sisi wa Visiwani hatuna budi kulifikiria hili kwa makini, kwa maana wataalamu wa Ujerumani Mashariki waliofika Unguja baada ya Mapinduzi hawakuja na ramani za nyumba tu. Walikuja pia kusaidia kuunda na kufunza idara ya usalama.

Upungufu wa huduma upo. Muda wa Lichtenberg ni mfupi mno ukilinganishwa na uzito wa mahali penyewe, kwa sababu kampuni hupitisha saa nzima kwenye chakula cha mchana. Nashauri mtu abaki mwenyewe baada ya kundi kuondoka. Tiketi ya kuingia hapo hulipwa kando, jambo ambalo tangazo lao lingepaswa kulisema wazi. Ngazi ni nyingi, na mwenye matatizo ya magoti aulize mapema.

Lalamiko langu kubwa ni jingine. Katika siku nzima, wafanyakazi wa mkataba kutoka Msumbiji, Angola na Vietnam walitajwa kwa sentensi moja, tena baada ya mimi kuuliza. Makubaliano na Msumbiji yalitiwa saini mwaka 1979, na maelfu ya vijana wa nchi hiyo walifanya kazi viwandani na migodini, wakikaa katika mabweni yenye uangalizi mkali, na kwa miaka mingi mwanamke aliyeshika mimba alikuwa hatarini kurudishwa kwao. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakifika nyumbani, lakini fedha hizo zikaingizwa katika hesabu za deni baina ya serikali mbili. Waliorejea, wanaojulikana Msumbiji kwa jina la Madgermanes, wameandamana Maputo miaka na miaka wakidai haki yao. Na mwaka 1991, mjini Hoyerswerda, mabweni ya wafanyakazi kama hao yalishambuliwa na vijana wenye chuki huku baadhi ya majirani wakishangilia. Nchi iliyofundisha udugu wa mataifa skulini haikuwaacha raia wake waishi na ndugu hao mlango kwa mlango, na huo nao ni urithi unaostahili kujadiliwa katika ziara inayojiita ya maisha ya kila siku.

Niliiandikia kampuni nikawapendekezea waongeze kituo kimoja juu ya maisha ya wafanyakazi hao, na mwongozaji mwenyewe akanijibu kwa heshima kwamba katika kiwanda alichoanzia kazi walikuwapo vijana wa Msumbiji, na kwamba hakuwahi kuulizwa habari zao na mgeni yeyote kabla yangu. Ziara naipendekeza, hasa kwa vijana wetu wanaosoma Ujerumani. Mkienda naye, muulizeni habari za vijana wale.