Maigizo ya mbalamwezi Mwanga: ukiweza moja tu, nenda la pili

Mimi nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, mambo ya sanaa si kazi yangu. Ila hiki kikundi cha vijana wa Mwanga kimetumia akili: msimu wao mzima wameupanga kwa kufuata mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazikusanyi dagaa, wavuvi wanalala nchi kavu, na huku kwetu ndizo siku ambazo mume anaonekana nyumbani. Kwa hiyo ukumbini walikuwepo mke na mume, bega kwa bega, wengine hata hawajui waweke wapi mikono.

Maigizo ni matatu, yote ya watu na wenzao wa ndani. La kwanza ni la mkwe mkali na mke wa mwanawe. Tumeliona kwenye runinga mpaka tumelichoka, na wanapatana kama unavyotegemea. La tatu ni la ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao Ujiji. Maneno yake ni makali, lakini wanapayuka wote kwa pamoja, kipaza sauti hakuna, na mvua ilipopiga bati sikusikia nani karithi nini.

La pili ndilo lililonitoa jasho. Ni mwaka 2024, Serikali imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mvuvi na mkewe wana ndoa ya miaka mingi, lakini usiku waliolala chumba kimoja ni wa kuhesabika. Sasa mume yupo, asubuhi yupo, jioni yupo. Anahamisha masufuria. Anauliza mkaa unaishaje upesi hivyo. Anagundua kumbe mkewe ndiye mweka hazina wa vikoba na watu wanamwamkia barabarani. Mke naye hapati usingizi, kitanda amekizoea peke yake.

Usiku mmoja mume anatoka, anakwenda kukaa kwenye mtumbwi uliopandishwa mchangani. Mke anamfuata na chai. Mapenzi hawayataji kabisa, wanaongea habari za betri za taa, kwamba zikikaa bila kuchajiwa zitakufa.

"Zilete ndani basi, baba Asha."

"Zikiingia ndani, ndiyo nimekubali kwamba siendi."

Wanawake tulikuwa tunacheka tangu mwanzo. Hapo tukanyamaza.

Yule dada aliyecheza mke anajua kazi; alivyokuwa anachambua dagaa, anatoa mchanga huku anaongea, ningemwajiri kesho. Kaka hakujua kukunja wavu. Wavuvi wakaanza kumzomea, mzee mmoja akasimama kabisa kumwelekeza. Kijana akamgeukia: "Samahani mzee, mwezi wa pili huu sijaushika." Ukumbi ulilipuka, na naapa hilo halikuandikwa popote.

Sasa lawama yangu. Kila igizo likiisha, mmoja anakuja mbele kutuuliza tumejifunza nini. Najua swali hilo lilikotoka: Kigoma tumezoea maigizo ya miradi, ya malaria, ya vyandarua, ya kunawa mikono, na mradi lazima uache ujumbe. Lakini hapa tumelipa wenyewe! Mwanamke ametoka kumbebea mumewe chai ufukweni, halafu mtu ananiambia mawasiliano ni muhimu katika ndoa. Jirani yangu alishaanza kutafuta viatu.

Kiingilio shilingi 3,000. Wanatangaza saa moja jioni, wanaanza karibu saa mbili, na viti ni vya plastiki, kwa hiyo beba kanga ya kukalia. Wa Ujiji pataneni na bodaboda mapema, maana watu wakitoka bei inapanda. La pili watalirudia mbalamwezi ijayo. Nitakwenda tena, safari hii na mume wangu, na nitakaa viti vya mbele ili nimsikie kila anapoguna.