Kompyuta Ndogo ya Sebuleni Mbele ya PlayStation 5: Miezi Mitano ya Majaribio Kampala

Kompyuta ninayoielezea hapa ni kisanduku cha chuma chenye takriban sentimita 13 kwa kila upande na kimo kisichozidi cha kikombe cha chai. Kwa miezi mitano imekaa chini ya televisheni katika sebule yetu ya Mbuya, Kampala, ubavuni mwa PlayStation 5 ya mdogo wangu, na katika chumba cha pili ipo kompyuta kubwa niliyoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Nilitaka kujua jambo moja: familia yenye fedha za mashine moja tu, ikichagua hiki kisanduku, itakuwa imepata nini na imekosa nini kwa upande wa michezo?

Ndani yake mna prosesa ya AMD Ryzen 7 7840HS yenye viini 8, na sehemu ya michoro iitwayo Radeon 780M ambayo imo ndani ya prosesa hiyohiyo. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa sababu kampuni kadhaa za China huuza visanduku vyenye moyo huohuo, na mengi nitakayoyasema yanavihusu vyote. Niliinunua kwa shilingi 2,100,000 katika duka la katikati ya mji, wiki ambayo PlayStation 5 yenye mlango wa diski ilikuwa ikiuzwa kama 2,400,000 katika maduka niliyopita. Tofauti hiyo ya bei ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu ulinganisho huu unastahili kufanywa kwa makini.

Wiki ya kwanza ilinikatisha tamaa. Tuliweka FC 25, mchezo wa mpira ambao ndio unaochezwa zaidi nyumbani kwetu, tukaunganisha padi mbili kwa bluetooth, na mpwa wangu mwenye miaka kumi na miwili akachagua Liverpool. Dakika ya tano akaweka padi chini akaniuliza, "Mjomba, mbona Salah anaruka-ruka kama picha ya dekoda mvua ikinyesha?" Nilipima, nikakuta fremu, yaani picha zinazounda mwendo, 38 hadi 41 kwa sekunde, tena zisizotulia, kwa mchezo ambao PlayStation 5, konsoli iliyo ubavuni mwake, inauendesha kwa fremu 60 bila kutikisika. Nikazima umeme, nikakigeuza kisanduku, nikabandua vipira vya miguu, nikafungua skrubu nne na kuinua kifuniko. Palikuwa na nafasi mbili za vijiti vya memori, na moja ilikuwa tupu. Dukani walikuwa wameniuzia gigabaiti 16 katika kijiti kimoja badala ya vijiti viwili vya gigabaiti 8. Kwa hesabu ya risiti jumla ni ileile, lakini katika kucheza, tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Sababu yake ndiyo kiini cha suala zima la kompyuta hizi, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Kadi ya michoro ya kompyuta kubwa huwa na memori yake yenyewe, yenye kasi, iliyobandikwa palepale kwenye kadi. Radeon 780M haina. Inaazima memori ya kawaida ya kompyuta na kugawana na prosesa njia moja ya kupitishia data. Kijiti kimoja cha memori ya aina ya DDR5 chenye kasi ya 5600 hupitisha gigabaiti 44.8 kwa sekunde, na vijiti viwili vikifanya kazi pamoja hupitisha 89.6. Ni kama barabara ya Northern Bypass ya hapa Kampala kabla ya kupanuliwa na baada yake: magari ni yaleyale, madereva ni walewale, lakini mwendo si ule. Nilitafuta kijiti cha pili kinacholingana na cha kwanza, nikakipata kwa bei ambayo iliniuma, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2025 memori imepanda bei duniani kote baada ya vituo vya data vya akili mnemba kuinunua kwa wingi. Nilipokiweka, FC 25 ilisimama kwenye fremu 60 kwa mwonekano wa 1080p (picha yenye mistari 1080) na ubora wa kati, na haikushuka tena. Mpwa wangu hakuuliza swali la pili. Kwa hiyo yeyote anayetaka kununua kisanduku cha namna hii aombe kifunguliwe hapohapo dukani, mbele ya macho yake, kabla ya kutoa shilingi hata moja.

Hata hivyo, njia ya 89.6 bado ni nyembamba. PlayStation 5, ambayo ilitoka Novemba 2020, ina gigabaiti 16 za memori ya GDDR6, aina inayotumika kwenye kadi za michoro, inayopitisha gigabaiti 448 kwa sekunde, yaani mara tano, na sehemu yake ya michoro ina vitengo 36 vya kukokotoa dhidi ya 12 vya Radeon 780M. Prosesa ya kisanduku ni ya kizazi kipya zaidi kuliko ile ya konsoli, lakini katika michezo mizito jambo hilo haliokoi chochote. Nilipowasha Cyberpunk 2077 nilipata fremu 30 na kidogo kwa 1080p katika ubora wa chini kabisa, na nilifika 45 baada tu ya kuruhusu programu ya kukuza picha, ambayo hufanya maandishi ya mbali na majani ya miti yaonekane kama yametazamwa kupitia kioo chenye mvuke. GTA V, ambao ni mchezo wa zamani, ulikwenda vizuri sana, zaidi ya fremu 70. Kwa maneno mengine, kisanduku hiki kinatosha kwa michezo ya mpira, ya magari, ya kupigana na kwa hazina kubwa ya michezo iliyotoka kabla ya 2020. Kwa michezo mipya mizito hakiifikii konsoli, na muuzaji anayesema kinaifikia anamdanganya mteja wake.

Kuhusu kompyuta ya kuunganisha mwenyewe sina haja ya maneno mengi. Kadi ya Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 8 zake yenyewe, ikiwekwa katika kompyuta ya mezani iliyotumika yenye prosesa nzuri, inakiacha kisanduku mbali sana. Tahadhari ni moja: kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zinazouzwa Kampala zina kifaa cha umeme kidogo ambacho hakina waya wa kulishia kadi ya michoro, na mara nyingi umbo lake ni la pekee hata huwezi kuweka kingine kwa urahisi. Fundi mwaminifu atakuambia hivyo mapema. Pia ile niliyoiunganisha ni kubwa, ina feni nne, na mke wangu hakuitaka sebuleni, jambo ambalo namuunga mkono kabisa.

Sasa nije kwenye umeme, maana hapa ndipo kisanduku kilipoanza kunivuta upande wake. Nilichomeka kipimo kwenye soketi. Katika mechi ya mpira kisanduku kilitumia wati 70 hadi 78, PlayStation 5 ilizunguka wati 200, na kompyuta kubwa ilipita 230. Uniti moja ya umeme wa nyumbani kwetu inazidi shilingi 700. Kwa saa tatu za jioni, kisanduku kinakula kama shilingi 170 na konsoli kama 450. Kwa mwezi mzima tofauti hiyo inafika takriban shilingi 8,000 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ambazo si utajiri, lakini si za kutupa.

Jambo kubwa zaidi ni pale umeme unapokatika. Tuna betri ya wati-saa 1,200 iliyounganishwa na inveta, ile ya kawaida ya asidi ambayo haifai kuimaliza zaidi ya nusu. Kisanduku pamoja na televisheni vinaendeshwa nayo kwa karibu saa nne. Konsoli pamoja na televisheni hiyohiyo hazivuki saa mbili. Jumamosi moja umeme ulikatika saa moja jioni, wageni wakiwa tayari wamekaa, na tulicheza hadi saa nne usiku bila kufikiria betri. Anayeishi mahali ambapo umeme ni wa uhakika anaweza kuliruka jambo hili, lakini sisi tunaoishi na mgao usiotangazwa tunalipatia uzito wake.

Kelele na joto havikunisumbua baada ya marekebisho. Katika mipangilio ya kiwandani kisanduku kiliruhusiwa kuvuta umeme hadi kikomo chake, na feni ilipiga mluzi uliosikika juu ya sauti ya mtangazaji. Niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikapunguza kikomo cha prosesa hadi wati 45, nikapoteza fremu mbili au tatu, na mluzi ukaisha. Vumbi jekundu ndilo adui wa kudumu. Kila mwezi napuliza matundu ya chini, na kila mwezi linatoka la kutosha kuandikia jina mezani.

Upande wa programu unahitaji uamuzi kabla ya kununua. Nilianza na Windows 11, kisha nikaweka Bazzite, mfumo endeshi wa Linux unaochukua nafasi ya Windows na kufanya kompyuta iwake moja kwa moja kwenye ukurasa wa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mtu akiongoza kila kitu kwa padi. Kwa sebule, ulikuwa mzuri ajabu: unabonyeza kitufe cha padi, mchezo unaendelea pale ulipoishia, bila madirisha wala maombi ya kusasisha. Michezo ya Windows inaendeshwa humo kwa Proton, programu ya tafsiri ambayo Valve, kampuni yenye Steam, iliitoa mwaka 2018. Lakini FC 25 haikufunguka kabisa, kwa sababu programu yake ya kuzuia udanganyifu haifanyi kazi kwenye Linux, na hali ni hiyohiyo kwa Fortnite, Valorant na sehemu ya mtandaoni ya GTA V. Katika nchi ambayo kijana hujifunza kushika padi kwenye kibanda cha mtaani, akilipa kwa mechi na mechi yenyewe ni ya mpira, kompyuta isiyocheza FC haina hoja ya kumshawishi. Nilirudi Windows baada ya siku kumi na moja, kwa masikitiko.

Hilo ndilo ninalolifikiria pia kila ninapoulizwa kuhusu Steam Machine mpya, kompyuta ndogo ya michezo ambayo Valve iliitangaza Novemba 2025. Jaribio lao la kwanza, la 2015, lilishindwa kwa kuwa michezo iliyoweza kuendeshwa kwenye Linux ilikuwa michache mno. Safari hii tatizo hilo limetatuliwa kwa sehemu kubwa, na sehemu yake ya michoro yenye vitengo 28 na gigabaiti 8 za memori yake yenyewe inatibu ule ugonjwa wa njia nyembamba nilioueleza. Kwa umbo la kitu cha sentimita 16 hivi ni uhandisi wa kupendeza. Ila mfumo wake ni SteamOS, ambao nao ni Linux, na mpenzi wa FC atalazimika kuiwekea Windows au kubaki na konsoli yake.

Kuna na gharama ya michezo yenyewe. Diski ya PlayStation inaazimwa, inabadilishwa na kuuzwa. Mdogo wangu amecheza michezo sita kwa fedha za miwili kwa njia hiyo. Kwa upande mwingine Uganda haimo katika nchi zinazotambuliwa rasmi na mtandao wa PlayStation, kwa hiyo akaunti hufunguliwa kwa anwani ya nchi nyingine, na kucheza michezo mingi ya kulipia mtandaoni kunadai ada ya PlayStation Plus. Kwenye Steam kucheza mtandaoni hakuna ada, punguzo la bei huwa kubwa mara kadhaa kwa mwaka, nililipa bila shida kwa kadi ya mtandaoni inayojazwa kwa pesa za simu, na tangu 2024 watu sita wa familia moja wanaweza kugawana maktaba. Tatizo la kompyuta ni upakuaji: mchezo wa gigabaiti 100 ni mzigo mzito kwa bando, na kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti iliyoanza 2021 haisaidii. Mimi hupakua usiku kwenye intaneti ya kazini, kwa ruhusa, na kubeba diski ya nje hadi nyumbani.

Asubuhi za siku za wiki, kisanduku hichohicho kinafunguliwa na dada yangu, mwalimu, ambaye huandaa mitihani na kuichapisha, mchana watoto huangalia masomo juu yake, jioni mpira. Konsoli imelala muda huo wote. Kwa hiyo nimeamua hivi: mwenye kompyuta nyingine nyumbani, na anayetaka michezo mipya mizito ionekane jinsi ilivyokusudiwa, anunue PlayStation 5. Mwenye nafasi, subira na fundi mzuri, aunganishe kompyuta kubwa. Nyumba isiyo na kompyuta kabisa, yenye umeme wa kukatika na mpenzi wa mpira, ichukue kisanduku chenye vijiti viwili vya memori na Windows. Mdogo wangu anahamia Jinja mwezi ujao na konsoli yake, na sitanunua nyingine.