Dakika Kumi Ndani ya Miwani: Huduma ya Uhalisia Pepe Mjini Kisumu

Kibanda hiki, kilichomo ndani ya jumba la maduka hapa Kisumu, hukodisha miwani ya uhalisia pepe (VR), inayofunika macho na kumwonyesha mtu ulimwengu uliotengenezwa kwa kompyuta, kwa shilingi 300 kwa dakika 10, na bango lake humwahidi mteja kwamba atatoka akiamini kuwa ulimwengu wote ni programu ya kompyuta. Nililipa kwa M-Pesa, nikakalishwa kwenye kiti kinachozunguka, na mara nikajikuta ukingoni mwa jabali refu lenye theluji. Ingawa nilijua fika kwamba sakafu iko chini ya viatu vyangu, magoti yalinilegea. Kuhusu picha, sina lawama kubwa.

Lawama yangu ni kwa maelezo. Kijana anayehudumu, ambaye kwa kweli ni mpole na mvumilivu, alinieleza kwamba mwanafalsafa Nick Bostrom amethibitisha kuwa tunaishi ndani ya kompyuta. Sivyo. Katika makala yake ya mwaka 2003, Bostrom alidai kwamba angalau moja kati ya mambo matatu ni kweli: ama karibu jamii zote zinazofanana na yetu huangamia kabla ya kupata uwezo wa kuiga ulimwengu mzima ndani ya kompyuta, ama zile zinazoupata hazijishughulishi kuunda nakala za kompyuta za maisha ya wahenga wao, ama sisi wenyewe, karibu kwa hakika, tumo ndani ya uigaji kama huo wa kompyuta. Hakuchagua hilo la tatu na kuyatupa mengine. Isitoshe, hoja yake husimama juu ya dhana kwamba fahamu yaweza kuzaliwa na mashine kama inavyozaliwa na ubongo, na anayeikataa dhana hiyo hana sababu ya kukubali yanayofuata.

Miwani yenyewe haithibitishi lolote. Picha inapaswa kufuata mgeuko wa kichwa ndani ya milisekunde 20 hivi. Nilipogeuka ghafla ilichelewa, nikashikwa na kizunguzungu. Macho yakiwa kwenye theluji, pua ilinusa samaki wa kukaanga wa mkahawa wa jirani, na jasho likanitiririka mgongoni. Hata kama kasoro hizo zingeondolewa, mwili wangu ungebaki nje ya mchezo, kitini, ilhali kiumbe wa ndani ya uigaji anayezungumziwa na Bostrom hana mwili mwingine popote ambao ungeweza kuvuliwa miwani.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama sponji inayogusa uso ingefutwa kabla ya kuvishwa mteja anayefuata.