Oili ya sinthetiki kwenye lori la jeshi: nusura iniue mteremkoni

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu bidhaa, lakini hili limenikaa kooni. Lori langu ni M35A2, lile la jeshi la Marekani la tairi kumi, ekseli zote tatu zinavuta. Muuzaji wa oili aliniambia nikiweka sinthetiki, yaani oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, kwenye injini, giaboksi, transfa (inayogawa nguvu kwa ekseli) na difu zote tatu (gia zilizo katikati ya kila ekseli), dizeli itapungua kwa robo. Robo nzima! Nikamwamini, maana hili lori hunywa mafuta bila huruma.

"Mwaga ya zamani, mimina hii, washa uende." Hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa.

Wiki chache baadaye nashuka mlima na mzigo. Nakanyaga breki, lori linavuta kushoto na mwendo haupungui. Nikapambana na gia mpaka barabara ikatulia, mikono inatetemeka. Nilipovua dram ya breki ya nyuma kulia, harufu ya salfa ya oili ya gia ikanipiga usoni. Laining, zile pedi zinazosugua dram, zimelowa chapa, zinang'aa kama zimepakwa asali.

Nikaenda kwa muuzaji na laining mkononi. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Magari ya jeshi yote yanavuja, mzee. Ukiona halivuji, ujue oili imeisha." Wateja waliokuwepo wakacheka. Mimi nimetoka kunusurika, wao wanacheka!

Alichotakiwa kuniambia ni kidogo tu. Sili za zamani, ile mipira inayozuia oili ya ekseli isifike kwenye breki, hukakamaa, na mara nyingi kinachozuia oili isipite ni uchafu ulioganda pembeni yake. Sinthetiki huusafisha ule uchafu, na baadhi ya aina haziuvimbishi mpira kama oili ya kawaida inavyofanya. Halafu kuna kipumulio juu ya difu, kitundu cha kutolea presha. Changu kilikuwa kimezibwa na tope kavu, hivyo difu ikipata moto presha inasukuma oili kwenye sili. Badilisha sili kwanza, safisha vipumulio, ndipo umimine. Fundi yeyote wa malori makubwa anayajua haya, na yeye anauza oili kila siku!

Na hiyo robo ya dizeli ni uongo mtupu. Nimepima kwa kujaza tangi pomoni, njia ileile, mzigo uleule, mara kadhaa. Safari ndefu tofauti ni ndogo mno. Mafuta ya lori kama hili yanaliwa na uzito, na tairi zenye meno makubwa, na ule uso wake bapa unaogombana na upepo. Oili haiwezi kubadilisha hayo.

Lakini siwezi kuisingizia oili yenyewe. Baada ya kuweka sili mpya niliirudisha ileile. Asubuhi za baridi gia zilikuwa nzito kama zimezama kwenye lami, sasa zinaingia laini, na kwenye safari fupi za baridi ndiko dizeli inapopungua kweli, asilimia chache. Zamani nikimaliza mlima siwezi kugusa difu hata sekunde moja. Juzi niliweka kiganja, nikahesabu mpaka tano.

Kwa hiyo oili naipa alama nzuri, tena nitainunua. Kwake sinunui hata boksi la grisi. Laining zangu hajalipa mpaka leo, wala pole hajanipa.