Nilizimiwa kipaza sauti katika darasa la afya

Miezi michache iliyopita nililipia darasa la mtandaoni la msanii mmoja wa hip-hop, aliyeahidi kutueleza wanamuziki waliomlea kisanaa na jinsi anavyoutunza mwili wake. Nusu ya kwanza ilinikonga moyo. Alisimulia jinsi rapa Rakim, ambaye alipiga saksafoni tangu ujanani, alivyomsikiliza John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, na kuchota kwake namna ya kupanga mistari. Kisha akatutaka tuweke kiganja tumboni na kughani mistari minne kwa pumzi moja. Kiganja changu kilishuka polepole, na mstari wa nne ukatoka mzima bila sauti kukwama.

Halafu akaingia kwenye lishe. Alisifu kufunga kula siku nzima, akatutaka sote tuanze kesho yake. Mimi nina kisukari na natumia insulini, hivyo niliinua mkono kuuliza mtu wa hali yangu, ambaye sukari inaweza kumshuka ghafla akikosa chakula, afanye nini. Msimamizi alinizimia kipaza sauti kabla sijamaliza sentensi, akaandika mbele ya wote kwamba darasa lile ni la wenye nia, si la wagonjwa wanaotafuta visingizio. Msanii aliyaona maneno hayo na akaendelea na somo lake.

Wagonjwa! Punde tu alikuwa amewataja kundi la A Tribe Called Quest miongoni mwa waliomjenga, kwa jinsi walivyoioanisha jazi na hip-hop. Phife Dawg wa kundi hilohilo aliishi na kisukari kwa miaka mingi, na matatizo ya ugonjwa huo yakamwua mwaka 2016 akiwa na miaka 45 tu. Anawezaje mtu kumpenda Phife, akahubiri afya, na asiwe na nafasi ya swali la mwenye kisukari?

Nilikusudia kumwonya kila mtu asipoteze fedha zake. Hata hivyo, zoezi la kiganja ninalifanya kila asubuhi, na pumzi yangu imeongezeka kweli, kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilitaka kuisifia angalau sehemu ya muziki. Sasa naghairi, kwa maana nimewaandikia wenye darasa mara mbili na hawajanijibu, na ile alama ya kipaza sauti iliyokatwa kwa mstari mwekundu bado naiona. Msijiunge, na anayetumia insulini asithubutu kufunga kabla ya kuzungumza na daktari wake.