Betri kubwa ya makontena inayopendekezwa vijijini: mashine imekomaa, mikataba bado

Mapendekezo ya kujenga vituo vikubwa vya kuhifadhi umeme kwa betri yanapelekwa zaidi na zaidi kwenye maeneo ya mashamba, hasa yale yaliyo karibu na njia za msongo mkubwa na vituo vya kupoza umeme, kwa kuwa huko nafasi ipo na gridi haiko mbali. Wakazi huoneshwa picha ya makontena meupe yaliyopangwa kwa safu nyuma ya uzio, hukabidhiwa kurasa nyingi za maelezo, kisha huombwa maoni ndani ya muda mfupi. Nimeona ni vyema kuitathmini bidhaa hii kama mtu anavyopaswa kuitathmini mashine yoyote anayoombwa kuishi nayo jirani kwa miaka 20: inafanya kazi gani, huwaje inapoharibika, na makaratasi yanayokuja nayo yanamlinda nani. Naiweka hukumu yangu wazi tangu mwanzo. Mashine yenyewe imeboreka sana na inastahili kukubaliwa mahali panapofaa, lakini mipango na mikataba inayoambatana nayo iko nyuma yake kwa hatua kadhaa, na huko ndiko mkazi anakopaswa kuelekeza maswali yake.

Bidhaa inayouzwa siku hizi kwa kawaida ni kontena la futi 20 lililojazwa seli za lithiamu za aina inayotumia chuma na fosfati, pamoja na mabomba ya kimiminika cha kupozea, vihisi vya joto na gesi, na kompyuta inayosimamia kila rafu ya seli. Nje yake kuna inveta zinazogeuza umeme wa betri uwe wa aina inayotumika kwenye gridi, na transfoma zinazoupandisha hadi msongo wa gridi. Kontena moja la kizazi cha sasa huweza kubeba takriban megawati-saa 5. Msomaji atofautishe vipimo viwili ambavyo vipeperushi vya miradi huvichanganya mara nyingi: megawati ni upana wa bomba, yaani kasi ya kutoa umeme, na megawati-saa ni ujazo wa mtungi. Kituo cha megawati 100 kinachoweza kutoa umeme kwa saa 4 kinahitaji megawati-saa 400, sawa na makontena 80 hivi.

Kontena hilo lililojaa huzidi tani 40. Uzito huu hautajwi sana katika mikutano, ilhali kwa eneo la mashamba ni jambo la kwanza kulihisi. Barabara ya changarawe iliyozoea trekta na malori ya mavuno, pamoja na makalavati yake ya zamani, italazimika kupitisha mizigo ya namna hiyo mara 80, ukiacha transfoma, zege na kreni. Katika pendekezo lolote mimi hutafuta kwanza ukurasa unaoeleza njia ya kupitishia mizigo, nani atapima nguvu za madaraja kabla ya kazi, na nani atakarabati barabara baada yake. Ukurasa huo usipokuwepo, najua kwamba waandishi wa pendekezo hawajafika huko kwa gari zito.

Kuhusu utendaji, sifa inastahili kutolewa. Mfano unaojulikana zaidi ni kituo cha Hornsdale, karibu na mji mdogo wa kilimo wa Jamestown huko Australia Kusini, kilichoanza kazi mwishoni mwa 2017 kikiwa na megawati 100 na megawati-saa 129, kando ya shamba la mitambo ya upepo. Wiki chache tu baadaye, mtambo mkubwa wa makaa ya mawe katika jimbo jirani la Victoria ulizimika ghafla, na betri hiyo iliyokuwa mbali sana ilianza kuisaidia gridi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kiasi ilichotoa hakikuwa kikubwa, kama megawati 7 hivi, lakini hakuna mtambo wa makaa wala wa gesi unaoweza kuitika kwa kasi hiyo. Mwaka 2020 kituo kilipanuliwa hadi megawati 150. Kazi ya pili, ambayo sasa ndiyo inayojenga vituo vingi, ni kupokea umeme wa jua unaozidi mchana na kuurudisha jioni watu wanapowasha taa na majiko. Katika mzunguko huo, ukiingiza vipimo 100 vya umeme utarudishiwa takriban 85, na vilivyobaki huishia kuwa joto. Huo ni ufanisi mzuri.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo muuzaji mwaminifu angelisema bila kuulizwa. Betri haizalishi umeme, na betri ya gridi kwa kawaida haiwashi taa za kijiji kilicho nje ya uzio wake umeme unapokatika. Imeunganishwa na njia kuu, na njia kuu ikizimika, vifaa vingi vya aina hii huzimika nayo, isipokuwa vimeundwa tangu mwanzo kuweza kuliendesha eneo la karibu peke yake. Hilo linawezekana kiufundi, na jamii ina haki ya kuliomba, lakini liandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya jumla ya “umeme wa uhakika” iliyotolewa ukumbini haina uzito wowote wa kisheria.

Sasa moto, ambao ndio hofu kubwa ya wakazi, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Seli ya lithiamu ikiharibika inaweza kuingia katika hali ya kujipasha joto yenyewe: joto huchochea mmenyuko wa kemikali, mmenyuko huongeza joto, na seli ya jirani hufuata. Gesi zinazotoka huwaka, na baadhi yake, kama floridi ya hidrojeni, ni sumu. Mwezi Aprili 2019, katika kituo kidogo cha McMicken huko Arizona, gesi zilijikusanya ndani ya chumba cha betri, na zimamoto walipofungua mlango ulitokea mlipuko uliowajeruhi vibaya baadhi yao. Julai 2021, huko Moorabool karibu na Geelong, Australia, uvujaji wa kimiminika cha kupozea ulisababisha moto wakati kituo kipya kikiwa bado kwenye majaribio. Kasha la betri lililoanza kuungua lilikuwa limezimwa kwa ufunguo, kwa hiyo vihisi vyake havikuwa vikituma taarifa. Makasha mawili kati ya 212 yaliteketea na hakuna aliyejeruhiwa, ingawa ilichukua siku 4 kutangaza kwamba moto umedhibitiwa.

Tukio zito zaidi ni la Moss Landing, California, tarehe 16 Januari 2025. Kituo cha megawati 300 kiliungua, watu wapatao 1,200 waliagizwa kuondoka nyumbani, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San José walikuta viwango vya nikeli, manganizi na kobalti vilivyopanda sana kwenye udongo wa juu wa kinamasi cha jirani cha Elkhorn Slough. Picha za moto huo huoneshwa katika karibu kila mkutano wa kupinga mradi, na anayetaka kuwa mkweli lazima aeleze tofauti zake. Betri za Moss Landing zilikuwa za kemia ya nikeli, manganizi na kobalti, zikiwa zimepangwa kwa wingi ndani ya ukumbi mmoja wa zamani wa mitambo ya mvuke, kwa hiyo moto ulipoanza haukuwa na mpaka. Kemia ya chuma na fosfati huhitaji joto la juu zaidi kabla ya kuanza kujichoma, na haina nikeli wala kobalti ya kumwagika shambani. Makontena yaliyosimama nje kwa kuachana huupa moto mpaka. Hata hivyo gesi za kemia hii nayo zina hidrojeni nyingi, na hatari ya mlipuko katika kasha lililofungwa ipo palepale. Matundu ya kutolea gesi na paneli zinazofunguka ili kutoa nguvu ya mlipuko si mapambo.

Taasisi ya utafiti wa umeme ya EPRI ya Marekani hutunza orodha ya ajali hizi, na uchambuzi uliotolewa 2024 ulionesha kwamba ajali zimepungua kwa asilimia 97 kati ya 2018 na 2023, zikilinganishwa na kiasi cha betri zilizofungwa. Uchambuzi huohuo ulionesha kwamba makosa ya kuunganisha, kufunga na kujenga yalihusika mara nyingi, na kwamba seli zenyewe hazikuwa chanzo kikuu. Maana yake kwa mkazi ni kubwa. Anayepaswa kuchunguzwa zaidi ni mkandarasi atakayekaza boliti na kuunganisha mabomba, na miaka ya mwanzo ya kituo ndiyo inayohitaji macho zaidi. Omba matokeo ya jaribio la UL 9540A, ambalo hupima jinsi moto unavyosambaa kutoka seli hadi moduli hadi kasha, na uulize kama mtengenezaji amewahi kuchoma kontena zima kwa makusudi ili kuthibitisha kuwa la pili halishiki moto.

Kisha nenda kwenye mpango wa dharura, kwa sababu huko ndiko mapendekezo mengi niliyoyasoma yanapopwaya. Utaratibu unaokubalika sasa ni kuliacha kontena lililowaka liungue hadi mwisho na kuyapoza ya jirani kwa maji. Ni utaratibu wa busara, lakini unadai maji kwa saa nyingi, na vijijini mabomba ya zimamoto ni nadra. Matangi yatakuwa na ujazo gani? Maji yaliyochafuka yatazuiwa wapi yasifike kwenye kisima na mifereji ya kumwagilia? Zimamoto wa eneo, ambao mara nyingi ni wachache na wengine ni wa kujitolea, watafundishwa na nani, na kwa gharama ya nani? Sentensi isemayo “tutashirikiana na mamlaka husika” haijibu hata moja kati ya hayo.

Kelele ni suala dogo kuliko moto, ila ni la kila siku. Feni za kupozea na inveta hutoa mvumo usiokatika, na katika utulivu wa usiku wa shambani mvumo huo husikika mbali kuliko ungesikika mjini. Takwimu za desibeli zichukuliwe kwenye nyumba ya karibu zaidi, usiku, feni zote zikifanya kazi. Ajira za kudumu ni chache sana, na asiyelisema hilo anapoteza muda wa watu.

Mwisho ni umri. Betri huchoka. Baada ya miaka kadhaa ujazo wake hupungua, na mwenye mradi huongeza makontena mapya ili kutimiza mkataba wake na gridi. Kwa hiyo mchoro wa leo huenda usiwe wa mwisho, na nafasi ya nyongeza inapaswa kuonekana tangu sasa. Baada ya miaka 15 au 20 kituo kitabomolewa, na kampuni iliyosaini leo huenda ikawa imekwisha kuuza mradi mara mbili. Dhamana ya fedha za kubomoa, kuondoa makontena na zege, na kuurudisha udongo katika hali ya kulimika inapaswa kuwekwa mikononi mwa mtu wa tatu kabla kontena la kwanza halijashushwa, ipitiwe upya kila baada ya miaka michache kadiri gharama zinavyobadilika, na imfuate mmiliki yeyote mpya. Katika mapendekezo niliyoyapitia, kifungu hicho kilikuwa kifupi kuliko kile kinachoeleza rangi ya uzio, na ndicho ambacho ningekataa kusaini hadi kiandikwe upya.